Kivuko kipya kwenye barabara ya mjini yenye magari mengi: michirizi tu, tuta, kisiwa, taa au daraja?

Watu wakichoka kuona wenzao wanagongwa kwenye barabara ya mjini, dai la kwanza huwa ni rangi. Tuchoreeni zebra hapa, basi. Na dai hilo linatimizwa haraka maana gari la rangi likipita usiku mmoja tu, asubuhi michirizi ipo. Ila kivuko sio rangi jamani. Kuna njia kama tano za kuvusha watu, kila moja ina mahali pake na kuna mahali ukiiweka inaua, sasa kabla hamjaandika barua ya kuomba chochote naomba mkae muulizane maswali mawili: mtu anavuka leni ngapi kwa mpigo mmoja, na magari yanapita hapo na spidi gani. Spidi halisi, sio ile ya kwenye kibao. Mengine yote, wingi wa magari, bajeti, nani atalalamika foleni, yanakuja nyuma ya hayo mawili.

Nianze na hesabu maana ndo inayofungua macho. Barabara ya leni nne, mbili kwenda mbili kurudi, ina upana wa kama mita 14. Mtu mzima asiye na shida ya miguu wahandisi wanamhesabia mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji kama sekunde 12 kufika ng'ambo. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa linaenda karibu mita 14 kila sekunde, yaani ndani ya hizo sekunde 12 limeshakata mita 165 hivi. Kwa hiyo huyo mtu anatakiwa apate nafasi tupu ya mita 165 kulia na mita 165 kushoto, zote mbili kwa wakati mmoja, ndo avuke bila kutegemea huruma ya dereva. Kwenye barabara yenye magari mengi nafasi ya hivyo haitokei mchana kutwa. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anataka sekunde 17 na nusu. Na hao ndo mnaowajengea, mzee, mtu wa magongo, mama ana mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono, mtoto wa shule ambaye bado hawezi kukadiria gari linakuja na spidi gani. Kijana mwenye mbio zake atavuka popote, kivuko kiwepo kisiwepo.

Upande wa dereva nako kuna hesabu. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinaweka umbali wa kusimama, kuanzia dereva anapoona hatari mpaka gari limetulia kabisa, kuwa mita 12 kwenye spidi ya kilomita 32 kwa saa, mita 23 kwenye kilomita 48 na mita 36 kwenye kilomita 64. Yaani spidi imezidi mara mbili, umbali umezidi mara tatu. Na hapo ni lami kavu, breki nzima, dereva hana simu mkononi. Shirika la Afya Duniani nalo linasema wastani wa spidi ukipanda asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kama asilimia 4. Kwa hiyo kivuko kisichogusa spidi kimeacha kazi katikati, mtaona hili linajirudia huko chini.

Michirizi mitupu

Zebra ilianza kutumika rasmi Uingereza mwaka 1951. Kabla yake, toka 1934, walikuwa wanaweka nguzo zenye tufe la rangi ya chungwa pembeni na vichwa vya misumari kwenye lami, dereva akiwa ndani ya gari ile misumari haioni vizuri, ndo wakajaribu michoro mbalimbali mpaka wakafika kwenye michirizi. Kazi yake toka siku ya kwanza ilikuwa dereva aone kivuko mapema. Kumpunguza spidi haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Ina uzuri wake, tusiidharau. Ni nafuu, ni ya haraka, na kwenye sheria za nchi nyingi inampa anayevuka haki ya kupita kwanza. Ikifanya kazi inavyotakiwa hakuna kivuko kinachompotezea mtu muda mdogo kama zebra, mvukaji anafika, gari linasimama, anapita, gari linaendelea, wote wamepoteza sekunde chache. Barabara nyembamba, leni moja kwenda moja kurudi, magari yanatembea pole, zebra inatosha kabisa.

Balaa ni pale inapochorwa kwenye leni nne bila kitu kingine chochote. Marekani walifanya utafiti mkubwa, ripoti yake ya mwisho ikatoka 2005, walilinganisha sehemu 1,000 zilizochorwa kivuko na sehemu 1,000 zisizochorwa kwenye miji 30, na zote hazikuwa na taa za kuongoza magari. Kwenye barabara za leni mbili hawakuona tofauti ya maana. Lakini kwenye barabara za leni nyingi zinazopitisha magari zaidi ya 12,000 kwa siku na hazina kisiwa cha mtu kusimamia katikati, vivuko vilivyochorwa rangi tu vilikuwa na ajali nyingi ZAIDI za waenda kwa miguu kuliko pale ambapo hapajachorwa kitu. Huo ndo ukweli ambao watu wengi wanaodai zebra hawajawahi kuambiwa.

Inatokeaje? Hivi. Lori limesimama leni ya pembeni, dereva wake muungwana, anampungia mama mkono apite. Mama anaingia. Lile lori ni refu, limemfunika mama mzima. Leni ya ndani inakuja gari ndogo, dereva wake anachoona yeye ni lori limesimama tu, anadhani linashusha mzigo au limeharibika, anakanyaga mafuta apite. Mama anatokeza kwenye pua ya lori, wanaonana zimebaki mita tatu. Kwa zile namba za kusimama nilizotaja juu, mita tatu ni kama hakuna breki kabisa. Dereva wa kwanza kafanya jambo jema, mama kafanya sawa, na bado mtu anakufa. Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri wa barabarani unakataza hicho kitendo cha kulipita gari lililosimama mbele ya kivuko, isipokuwa kwa spidi ndogo ya kuweza kusimama papo hapo, ila tunajua sheria iliyoandikwa na kinachotokea leni ya ndani saa kumi na mbili jioni ni vitu viwili.

Kama mmeshapewa michirizi kwenye leni nne na hamna jinsi kwa sasa, ombeni angalau mstari wa kusimamia magari uchorwe nyuma ya kivuko, mita 6 mpaka 15 nyuma, sio pale pale kwenye michirizi. Lori likisimama huko nyuma, mama anaonekana na leni ya pili na yeye anaiona. Ni ndoo ile ile ya rangi. Pia maegesho yazuiwe pande zote mbili kabla ya kivuko, gari lililopaki pembeni linaziba mtoto kuliko kitu chochote.

Michirizi juu ya tuta

Hiki ndo chaguo langu kwa barabara nyingi za mjini na nitakitetea. Unachukua zebra ile ile unaiinua, unajenga tuta bapa lenye kimo cha sentimita 7 na nusu mpaka 10, juu ni tambarare upana wa kutosha watu kupita, michirizi inakaa pale juu. Gari lazima lipunguze, dereva akiwa muungwana au asiwe. Anayevuka anatembea usawa wa njia ya miguu bila kushuka wala kupanda ukingo, kiti cha magurudumu kinapita moja kwa moja. Na anaonekana zaidi kwa sababu kainuka. Wamarekani wanakadiria kivuko cha kuinuliwa kinapunguza ajali za waenda kwa miguu kwa asilimia 45 hivi.

Ukiweka pembeni ya michirizi mitupu, tofauti ni kwamba michirizi inamuomba dereva na tuta linamlazimisha. Sasa mbona hazijengwi kila mahali? Malalamiko yapo na mengine ni ya haki. Magari ya wagonjwa na zimamoto yanachelewa kidogo kwenye kila tuta. Mabasi, abiria waliosimama wanarushwa kama mteremko wa tuta ni mkali. Nyumba zilizo karibu zinasikia kishindo cha malori usiku. Hayo yana dawa yake, miteremko iwe mirefu ya taratibu na sehemu tambarare ya juu ifike mita 6 kama ni njia ya mabasi ili basi lisiwe linapanda gurudumu la mbele huku la nyuma linashuka. Tuta la kawaida la mviringo, lile la kushtua, msikubali lifanywe kivuko, halina pa kukanyaga.

Alafu kuna maji, hapa ndo pengi panaharibika. Ukiinua barabara mpaka usawa wa njia ya miguu umeziba ule mfereji wa pembeni unaopitisha maji ya mvua. Mvua ya kwanza tu, kuna dimbwi pale pale mtu anaposimama kusubiri, gari likipita linamrushia tope, basi watu wanahama wanavukia mita 20 mbele ambako hakuna kivuko. Kazi yote imekufa kwa sababu ya bomba moja. Kwenye mchoro mtakaoonyeshwa ulizeni maji yanapita wapi, kuwe na bomba chini au mfereji uliofunikwa chuma, na mashimo ya hicho chuma yasikae kwa kufuata mwelekeo ambao gurudumu dogo la kiti au ncha ya fimbo vitazama.

Mipaka yake: spidi. Barabara ambayo magari yanakuja na kilomita 60, 70, huwezi kuweka tuta ghafla, utasababisha ajali nyingine. Hapo unaanza kupunguza spidi kabla, au unaenda kwenye taa.

Kisiwa cha katikati

Rudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Weka kisiwa katikati ya zile mita 14, mtu anavuka mita 7, anasimama salama, anavuka 7 nyingine. Ghafla haitaji sekunde 12 anahitaji 6, na haitaji nafasi ya mita 165 pande zote mbili, anahitaji kama mita 80 upande mmoja tu, upande magari yanakotokea, alafu anageuka anatafuta nyingine kama hiyo upande wa pili. Nafasi ambayo haikuwepo siku nzima sasa inatokea kila baada ya dakika. Hakuna kitu kingine kwenye orodha hii kinacholeta mabadiliko makubwa hivyo kwa ujenzi mdogo hivyo, na hakimpunguzii dereva haki yoyote, hata wale wanaolia foleni hawana cha kusema.

Ila upana. Kisiwa cha mita 1.8 ndo cha chini kabisa, mita 2 na kuendelea ndo kizuri. Fikiria mtu anasukuma baiskeli, au mama na kigari cha mtoto, vitu hivyo vina urefu, kisiwa kikiwa chembamba gurudumu la mbele liko leni moja na yeye mwenyewe mgongo uko leni nyingine. Nimeona visiwa ambavyo ni ukingo tu wa zege wa kukanyaga mguu mmoja, mtu amesimama juu kajibana na vioo vya magari vinapita pande zote mbili za mabega yake, hicho sio kisiwa, hicho ni kumweka mtu katikati ya hatari. Njia ya kupita iwe usawa wa lami au na mteremko, sio mtu apande na kushuka. Na kiwe na mwanga na alama za kung'aa kwenye pua zake kwa sababu kisiwa kisichoonekana usiku kinagongwa chenyewe.

Kwa hiyo kisiwa au tuta? Kama barabara ni nyembamba, leni mbili, na mnalazimika kuchagua kimoja, mi nachukua tuta. Kama ni pana, kisiwa kwanza, bila mjadala. Na vinakaa pamoja vizuri tu, tuta lenye kisiwa katikati ni kivuko ambacho mtoto wa shule anakiweza mwenyewe.

Taa za kuvukia

Watu wengi wanaona taa ndo ngazi ya juu kabisa ya usalama, kwamba zebra ni ya maskini na taa ni za waliobahatika. Si hivyo. Taa ni nzuri pale ambapo magari ni mengi na ya kasi kiasi kwamba hakuna dereva atakayesimama kwa hiari, na pale ambapo watu wanaovuka ni wengi mno kiasi kwamba zebra ingesimamisha magari muda wote, kama mbele ya stendi kubwa au soko. Hapo taa inawapanga wote. Kwa asiyeona, taa yenye mlio au kifaa cha kutetemeka kwenye kitufe ndo njia pekee ya kujua kwa uhakika kwamba zamu yake imefika. Na kwenye leni nne ile hadithi ya lori kumfunika mama inapungua kwa sababu leni zote zinaona nyekundu kwa pamoja.

Ubaya wa taa ni kusubiri. Wahandisi wamejua siku nyingi kwamba mtu akisubiri zaidi ya kama sekunde 30 anaanza kukosa subira na kuvuka kwa kubahatisha. Sasa wenye kupanga taa wakipanga kwa kuwaogopa madereva wanaweka dakika moja na nusu, mtu anabonyeza, haoni kinachotokea, anabonyeza tena, anaona nafasi anakimbia, na baada ya sekunde 20 taa inakuwa nyekundu kwa magari hakuna mtu, madereva wanakasirika, kesho hawaiheshimu. Taa ya hivyo ni hasara pande zote. Kwa hiyo mkiomba taa, ombeni na muda wake kwa maandishi, mtu asubiri kiasi gani na apewe sekunde ngapi za kuvuka. Zile sekunde 12 za mita 14 ni za mtu mwenye nguvu zake, mzee zinamwisha yuko leni ya tatu.

Taa zenyewe ziko za namna tofauti. Ile ya kitufe ya kawaida Uingereza waliianza 1969. Baadaye wakaja na za vihisio, zinaona kama mtu bado yuko barabarani zinamuongezea muda, na aliyebonyeza akaondoka zinafuta ombi lake, hizi zinaondoa lile tatizo la nyekundu bila mtu. Kama mnapata uwezo wa kuchagua, hizi. Kuna nyingine iliyoanzia Tucson, Marekani, muda wote imezimwa, mtu akibonyeza inawaka njano kisha nyekundu, akishavuka inazimika, utafiti uliotoka 2010 ulikuta ajali za waenda kwa miguu zimepungua asilimia 69 pale zilipowekwa. Inafaa barabara pana ambayo wavukaji hawafululizi. Na kuna taa ndogo za kumwekamweka za njano zinazofungwa kwenye kibao cha kivuko, mara nyingi za sola, hizi hazimsimamishi mtu kwa amri, zinamshtua tu dereva kwamba kuna anayevuka, ila kwa bei yake zinasaidia sana kwenye zebra iliyopo tayari. Sharti ziwake mtu akiwepo tu. Zikiwaka masaa 24, baada ya wiki mbili hakuna dereva anayeziona tena.

Kitu cha mwisho kuhusu taa, umeme na matengenezo. Taa iliyokufa kwenye leni nne inakuacha na michirizi mitupu, na tumeshaona michirizi mitupu inafanya nini huko. Kama hapo kwenu taa zikiharibika zinakaa miezi bila fundi, hilo liingie kwenye hesabu yenu kabisa. Kisiwa hakikatiki umeme.

Daraja la juu

Hapa nitaonekana mkali. Daraja linapendwa na wanasiasa kwa sababu linaonekana kutoka mbali, na linapendwa na madereva kwa sababu linawaondoa watu barabarani. Anayetembea halimpendi, na ana sababu. Daraja inabidi liwe juu ya lori refu, tuseme mita 5 na nusu. Kwa ngazi za sentimita 17 hizo ni ngazi 32 kupanda na 32 kushuka, ili kuvuka barabara ya mita 14. Kwa kiti cha magurudumu mteremko unaovumilika ni mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo, sawa na mita 66 za kupanda na 66 za kushuka, bado hujaweka sehemu za kupumzikia. Jumla zaidi ya mita 130 kwa ajili ya 14! Lifti zipo, lakini lifti ya barabarani ikiharibika aliyeko kwenye kiti hana barabara tena.

Ndo maana unakuta daraja juu na watu wanapita chini yake. Alafu wanaitwa wakaidi, wanawekewa uzio, wanakamatwa. Mi nasema ukijenga kitu na wengi wa waliokusudiwa hawakitumii, kasoro iko kwenye ulichojenga. Usiku daraja lisilo na mwanga ni mahali pa kuibiwa, mwanamke akiogopa kupita juu saa mbili usiku akapita chini kwenye magari amechagua hatari ipi ndogo kwake, na hakuna afisa anayeweza kumlaumu.

Lina mahali pake lakini. Barabara kuu ya mwendo wa kasi, leni sita au nane, ambako kusimamisha magari hakuwezekani kabisa. Au reli. Au pale ardhi yenyewe inasaidia, barabara imepita kwenye bonde na njia za miguu ziko juu pande zote, mtu anapita bapa bila ngazi, hapo daraja ni zuri kuliko vyote. Kwenye barabara ya kawaida ya mjini yenye maduka na shule pande zote mbili, mkiambiwa suluhisho ni daraja jueni kuna mtu ameamua spidi ya magari isiguswe.

Sasa kwa barabara yenu

Leni mbili, spidi haizidi 40 hivi, watu wanavuka hapa na pale: zebra juu ya tuta. Msikubali zebra bila tuta kama kuna shule. Leni mbili lakini barabara imejengwa pana mno na magari yanakimbia: ongezeni kisiwa, au ombeni njia ya miguu itokeze pande zote mbili pale kwenye kivuko ili barabara ibanwe, mita zinazopunguzwa pale zote ni sekunde za mtu kuwa hatarini.

Leni nne, magari mengi, spidi ya 50: hapo michirizi peke yake kataeni hata mkipewa bure. Kisiwa ni lazima, juu yake taa. Ila kabla ya kukubali kwamba leni nne ni amri ya Mungu, ulizeni magari mangapi yanapita kwa siku. Kama hayazidi 20,000 barabara nyingi za hivyo zinaweza kugeuzwa kuwa leni tatu, moja kwenda, moja kurudi, ya katikati ya kukatia kona, na kwenye kivuko ile ya katikati inageuka kisiwa. Marekani wamefanya hivi sehemu nyingi, ajali za aina zote zikapungua kati ya asilimia 19 na 47. Hiyo kwangu ndo kazi kubwa zaidi ambayo rangi inaweza kufanya, kuchora leni upya, kuliko kuchora zebra kwenye leni nne.

Mahali pa kuweka kivuko nako pana uzito kuliko aina yake. Watu hawazunguki, wakitakiwa kurudi nyuma mita 50 alafu waje tena mbele 50 wengi watakatisha. Nendeni mkasimame pale asubuhi na jioni muangalie wanavukia wapi hasa, angalieni majani yaliyokanyagwa, uzio uliotobolewa, hapo ndo penyewe, na kama mhandisi ana sababu ya kupakataa, kona au mlima unaziba, basi dawa ni kuondoa kinachoziba au kupunguza spidi kabla ya kufikiria kuhamisha kivuko mbali. Kituo cha basi kiwe baada ya kivuko, ili basi likisimama watu wavukie nyuma yake. Kikiwa kabla, basi linakuwa lile lori la mama.

Na usiku. Taa ya barabarani iliyo juu kabisa ya kivuko inammulika mtu utosini, dereva anaona kivuli. Nguzo ikae mita chache kabla ya kivuko, upande magari yanakotokea, ili mwanga umpige mtu upande anaotazamwa, na kama magari yanatoka pande mbili nguzo ni mbili. Pembeni kuwe na vigae vya vinundu kwa wasioona, vile alivyobuni Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965 na vikawekwa mara ya kwanza Okayama 1967, viwekwe pale ukingo unaposhuka maana bila hivyo asiyeona hajui njia ya miguu imeishia wapi na barabara imeanzia wapi. Vinundu vielekeze kwenye kivuko chenyewe, fundi akiviweka kimapambo vimekaa mshazari vinampeleka mtu katikati ya makutano.

Kwenye barua mnayoandika wekeni na rangi irudiwe lini na nani, kwa sababu gurudumu linafuta michirizi pale pale linapopita, kwenye leni, na inabaki ile ya katikati ambayo dereva haiangalii. Rangi ya plastiki inayoyeyushwa inadumu zaidi ya ile ya kopo. Alafu kivuko kikishafunguliwa rudini baada ya mwezi mmoja, usiku, mvua ikiwa inanyesha ikiwezekana, mkae upande wa dereva ndani ya gari na muone kama mtu aliyesimama pale anaonekana. Kama haonekani kazi haijakabidhiwa, msisaini.